Paul Scarron: Mshairi aliyeifanya dhihaka kuwa fasihi

NENO ‘burleski’ limepotea njia. Mkazi wa mjini anayelisikia leo huenda akafikiria kumbi za usiku za Marekani, manyoya ya mbuni, taa nyekundu na wanawake wanaovua nguo jukwaani kidogo kidogo huku muziki ukipigwa. Filamu ya Hollywood ya mwaka 2010 iliyobeba jina hilo iliikoleza zaidi picha hiyo.

Maana ya awali ni nyingine kabisa. Neno lenyewe limezaliwa na burla, neno la Kiitaliano lenye maana ya mzaha au utani, na kwa muda mrefu lilitaja aina ya maandishi yenye kanuni moja ya msingi: kitu kitukufu kivikwe matambara, au kitu duni kivikwe joho la kifalme, ili msomaji acheke kwa kuona vazi na aliyelivaa havilingani.

Waitaliano ndio waliotangulia. Francesco Berni, aliyefariki mwaka 1535, alitunga mashairi ya kuwasifu mikunga na matunda ya pichi, na hata tauni, kwa unyenyekevu ambao washairi wengine waliutunza kwa ajili ya wafalme. Hata hivyo, aliyeutoa mtindo huo katika barza za wasomi na kuufanya kuwa wimbi lililolikumba taifa zima alikuwa Mfaransa mmoja, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kusimama, kutembea wala kugeuza shingo yake.

Paul Scarron alizaliwa Paris mwaka 1610. Baba yake alikuwa mshauri katika Bunge la Paris, ambalo licha ya jina lake lilikuwa mahakama kuu, na familia ilikuwa na mali ya kutosha. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Baba akaoa tena, na kati ya mama wa kambo na mtoto huyo kukazuka uhasama ambao baadaye ungefikishwa mahakamani na kuimeza sehemu kubwa ya urithi.

Kama ilivyokuwa desturi kwa vijana wa tabaka lake, Scarron aliingizwa katika utumishi wa kanisa bila kuulizwa sana kama alikuwa na wito. Mwaka 1632 alikwenda mjini Le Mans kumtumikia askofu wa huko. Mwaka 1635 alifuatana naye hadi Roma, na aliporejea alipata cheo cha kanoni wa kanisa kuu, cheo kilicholeta kipato bila kumbana mtu kwa kazi nyingi. Alipenda kucheza dansi, alipiga kinanda cha nyuzi, na alijipendekeza kwa mabibi. Kwa ufupi, alikuwa padri kwa vazi tu.

Mwaka 1638, akiwa na umri wa miaka 28, maradhi yalimpiga. Ipo hadithi maarufu kwamba wakati wa sherehe za kanivali alijipaka asali na kujibandika manyoya ya ndege, akazurura mjini, na watu walipomfukuza alijificha katika maji ya baridi kali hadi viungo vyake vikaharibika. Ni hadithi tamu, na pengine utamu huo ndio ulioifanya idumu. Iliandikwa karne moja baadaye, na watafiti hawaiamini. Kinachoaminika ni kwamba ugonjwa wa viungo ulianza kumkunja taratibu, mwaka hadi mwaka, na hakuna tabibu aliyeuzuia.

Miguu ilijikunja kuelekea mapajani, mapaja yakaelekea tumboni, na kichwa kikainama kifuani. Mwenyewe alilinganisha umbo lake na herufi Z. Mikono iliendelea kumtii kiasi cha kumwezesha kuandika juu ya kibao kilichofungwa kwenye kiti chake. Usingizi ulimhama. Maumivu aliyapunguza kwa afyuni. Katika kitabu kimoja cha mwaka 1648 aliwaeleza wasomaji hali ya mwili wake kiungo kwa kiungo, bila kuomba huruma, na mchoro uliochapishwa humo ulimwonyesha kwa nyuma, ameketi katika kiti, uso hauonekani.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Karne ya 17 haikuwa na huruma kwa walemavu, na mtu wa umbo lake alikuwa kichekesho cha bure mitaani. Scarron aliamua kuwatangulia wachekaji. Alijidhihaki yeye mwenyewe kwa ufundi ambao hakuna adui angeweza kuufikia, na kwa kufanya hivyo akapata ruhusa ya kumdhihaki mtu mwingine yeyote.

Aliporudi Paris mambo ya fedha yalikuwa yameharibika. Baba yake alikuwa ameingia katika upinzani dhidi ya Kardinali Richelieu, waziri mkuu aliyekuwa na nguvu kuliko mfalme mwenyewe, akaondolewa kazini na kufukuzwa mjini. Mshairi alimwandikia Richelieu ombi la msamaha kwa mashairi ya kuchekesha, na inasemekana kardinali huyo alifurahishwa. Lakini Richelieu alikufa Desemba 1642 kabla ya kutenda lolote, na mwaka uliofuata baba naye akafa. Zikabaki kesi na wadai.

Mwaka huohuo wa 1643 ulichapishwa mkusanyiko wake wa kwanza wa mashairi ya burleski. Mwaka 1644 ukafuata utenzi wa Typhon, unaosimulia vita vya majitu dhidi ya miungu wa Kiyunani. Vita hivyo, ambavyo washairi wa kale walivieleza kwa ngurumo na vitisho, kwa Scarron vinaanza kwa sababu ya mchezo: majitu wanarusha matufe na vigingi, mchezo unawapanda kichwani, virushwa vinafika mbinguni na kuvunja vyombo vya vioo vya Jupita. Mfalme wa miungu anadai alipwe vyombo vyake kama mwenye nyumba yeyote wa Paris ambaye angevunjiwa kabati.

Utenzi huo aliutabarukia kwa Kardinali Mazarin, mrithi wa Richelieu, kwa matumaini ya kupata zawadi. Mazarin hakutoa kitu. Scarron hakusahau.

Bahati ilitoka upande mwingine. Marie de Hautefort, mwanamke mwenye heshima katika kasri, alimfikisha mbele ya Malkia Anne, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, Louis XIV. Mshairi aliomba cheo ambacho hakikuwahi kuwapo: awe mgonjwa rasmi wa malkia, kama vile wengine walivyokuwa matabibu wake au makatibu wake. Malkia alicheka na kukubali. Cheo hicho kilikuja na posho ya livre 1,500 kwa mwaka, na Scarron akadai kwamba anaitekeleza kazi yake kwa uaminifu mkubwa, maana hakuna siku aliyokosa kuwa mgonjwa.

Kipato kingine kilitoka kwa Toussaint Quinet, mchapishaji wake. Mabwana wa wakati ule walikuwa na mashamba yenye majina ya kikabaila. Scarron aliyaita malipo ya vitabu vyake shamba lake la Quinet. Utani huo ulikuwa na ukweli wa uchungu ndani yake. Alikuwa miongoni mwa waandishi wachache wa zama zile waliotegemea kweli kalamu kwa riziki.

Kazi iliyomfanya atajwe kila nyumba ilianza kutoka mwaka 1648. Aliuchukua Aeneid, utenzi mkuu wa Mrumi Virgil, kitabu ambacho kila kijana wa Ulaya aliyesoma Kilatini alikikariri kwa viboko, akausimulia upya kwa lugha ya sokoni. Enea, shujaa anayetoroka Troia inayoungua na kwenda kuweka msingi wa Roma, anageuka kuwa mtu mchaji wa Mungu anayelia ovyo. Dido, malkia wa Karthago, anakuwa mjane mnene mwenye siha njema na tabia ya kupendeza. Miungu wanagombana kama majirani wanaotumia kisima kimoja. Mashujaa wa kale wanazungumza kana kwamba wametoka kununua mkate jirani na daraja la Pont Neuf.

Chombo chenyewe cha ushairi kilikuwa sehemu ya mzaha. Ushairi mzito wa Kifaransa uliandikwa kwa mizani 12, mstari mrefu wenye mwendo wa maandamano ya kifalme. Scarron alitumia mstari mfupi wa mizani 8 wenye vina viwili viwili, unaokimbia na kurukaruka. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwa kuwa mizani 8 ndiyo hasa iliyobeba tenzi za pwani ya Afrika Mashariki, zikiwamo zile za dini na vita vya mitume. Kipimo ambacho Waswahili walikipa heshima, Wafaransa walikipa kazi ya kuchekesha.

Ni kosa kudhani kwamba Scarron alimdharau Virgil. Mtu hawezi kudhihaki mstari kwa mstari kitabu asichokijua kwa moyo, na mzaha wake ulihitaji msomaji anayeusikia Kilatini cha asili nyuma ya kila kejeli. Aliyedhihakiwa zaidi ni yule aliyeutumia utukufu wa Roma kujitukuza yeye: mwalimu mkali, mshairi wa kasri, waziri aliyechorwa akiwa na mavazi ya shujaa wa kale.

Dhihaka hiyo ilifika wakati serikali ikitikisika. Mwaka 1648 yalizuka machafuko yaliyojulikana kama Fronde, ambapo mahakama, wakabaila na umma wa Paris waliasi dhidi ya Mazarin na kodi zake. Vijitabu vya kumshambulia kardinali huyo vilimiminika kwa maelfu kutoka mitambo ya uchapaji, na vingi viliandikwa kwa mtindo ambao Scarron alikuwa ameuzoesha umma. Wimbi lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1649 lilitolewa shairi juu ya mateso ya Yesu Kristo likiwa na neno ‘burleski’ kwenye jalada lake. Ndani hamkuwa na mzaha wowote. Wachapishaji walikuwa wamegundua tu kwamba neno hilo lilikuwa linauza.

Mwaka 1651 kilitokea kijitabu kikali kuliko vyote, La Mazarinade, kilichomvua kardinali nguo zote za heshima. Kiliaminiwa kuwa ni kazi ya Scarron, na wengi hadi leo wanakihesabu kuwa chake. Gharama yake ilikuwa kubwa. Waasi walishindwa, Mazarin alirudi madarakani mwaka 1653, na ile posho ya mgonjwa wa malkia ikafutwa moja kwa moja. Kwa mtu mwenye miguu, hasira ya waziri mkuu ilimaanisha kukimbilia ughaibuni. Scarron hakuwa na pa kukimbilia.

Alikuwa amejaribu lakini. Mwaka 1652 iliundwa kampuni ya kupeleka walowezi Cayenne, Amerika ya Kusini, na mshairi akatia humo livre 3,000 akiota kwamba jua la tropiki lingemnyoosha. Padri aliyeuongoza mradi alizama katika mto Seine siku ya kuondoka. Jemadari wa msafara aliuawa na wenzake baharini. Koloni lenyewe halikudumu, na fedha za Scarron zikapotea pamoja nalo. Lau angelitunga kisa hicho mwenyewe, wakosoaji wangemlaumu kwa kutia chumvi.

Ndoto hiyo ya Amerika ilimletea hata hivyo mtu ambaye angebadili historia ya Ufaransa. Françoise d’Aubigné alizaliwa mwaka 1635 mjini Niort, baba yake akiwa gerezani. Babu yake, Agrippa d’Aubigné, alikuwa mshairi na askari mashuhuri wa Waprotestanti, lakini jina hilo kubwa halikuwa limebakiza hata akiba ya mkate. Sehemu ya utoto wake aliishi kisiwani Martinique. Alirudi Ufaransa fukara, akalelewa na ndugu waliomhesabu kuwa mzigo.

Scarron alimpa njia mbili: kumlipia mahari ya kuingia utawa, au kumwoa. Binti alichagua ndoa. Mwaka 1652 walifunga, bibi arusi akiwa na miaka 16 na bwana arusi akiwa na zaidi ya 40. Kanoni hawezi kuwa na mke, kwa hiyo Scarron aliachia cheo chake cha Le Mans na kipato chake. Paris ilicheka, kama ilivyotarajiwa. Ukiitazama kwa macho ya leo ndoa hiyo inatia simanzi zaidi kuliko kuchekesha, kwa sababu uhuru wa msichana asiye na senti kuchagua kati ya utawa na mume aliyekunjamana si uhuru mkubwa.

Lakini nyumba yao katika mtaa wa Marais ikawa miongoni mwa baraza zilizotafutwa zaidi mjini. Walikuja washairi, wakabaila, majenerali, na Ninon de Lenclos, mwanamke aliyejulikana kwa akili na kwa wapenzi wake. Wageni walileta chakula na hata kuni, kwa kuwa wenyeji hawakuwa na uwezo. Inasimuliwa kwamba jioni moja mtumishi alimnong’oneza bibi wa nyumba asimulie kisa kingine, kwa sababu nyama ya kuchoma ilikuwa haipo. Huko ndiko binti wa Niort alikojifunza Kihispania na Kiitaliano, na jinsi ya kuongoza mazungumzo ya watu wakubwa bila kuonekana anayaongoza.

Scarron hakuwa mtu wa mashairi pekee. Alitegemea sana tamthilia za Kihispania, akizigeuza kuwa komedia za Kifaransa. Tangu Jodelet ya miaka ya 1640 aliziandika kwa ajili ya mwigizaji wa jina hilohilo, aliyejipaka unga usoni na kusemea puani. Komedia yake Dom Japhet d’Arménie aliitabarukia kwa kijana Louis XIV, na baadaye kundi la Molière liliiigiza mara nyingi. Molière mwenyewe alichota zaidi ya hapo: visa viwili vya Scarron vilimpa mbegu za tamthilia zake maarufu, L’École des femmes na Tartuffe.

Kitabu chake kinachosomeka vizuri zaidi leo si ule utenzi wa Virgil, bali Le Roman comique, riwaya iliyotoka kwa sehemu mbili, 1651 na 1657. Inafuata kundi la waigizaji wa kuzunguka wanaoingia Le Mans wakiwa na mkokoteni na mavazi yaliyochakaa. Inafunguka kwa maelezo marefu ya machweo, gari la mungu wa jua likishuka angani na farasi wake wakinusa bahari, kisha ghafla mwandishi anasema kwa lugha ya kawaida kwamba ilikuwa kati ya saa 11 na saa 12 jioni. Hiyo ndiyo burleski yote katika aya moja. Riwaya hakuimaliza, kama ambavyo hakuumaliza utenzi wa Virgil, alioufikisha sehemu ya nane tu kati ya 12.

Katika miaka ya mwisho Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za ufalme, alimpa posho iliyoizuia nyumba isianguke. Scarron alifariki Oktoba 1660 na kuzikwa katika kanisa la Saint-Gervais. Alikuwa ameshajiandikia beti za kaburini, akiwasihi wapita njia wasimwamshe. Wadai walifika kabla ya rambirambi kwisha, na mjane wa miaka 24 akaachiwa madeni.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila mtoto wa shule wa Ufaransa. Mwaka 1669 mjane Scarron alikabidhiwa kwa siri ulezi wa watoto wa nje ya ndoa wa Louis XIV. Mfalme alimzoea, kisha akampenda. Alipata shamba la Maintenon pamoja na jina lake, na mwaka 1683, baada ya malkia kufariki, mfalme alimwoa usiku kwa siri. Mke wa mchekeshaji aliyemtukana Mazarin akawa mke wa mtawala mwenye nguvu kuliko wote Ulaya.

Jina la Scarron likawa mwiba. Inasimuliwa kwamba mshairi Racine, alipokuwa akizungumza na mfalme kuhusu kuzorota kwa tamthilia, alizilaumu komedia za Scarron huku Bi Maintenon akiwa chumbani, na kimya kilichofuata kilimwonyesha kosa lake. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini kinaeleza vema hali ya kasri.

Wasomi nao walikuwa wameshatoa hukumu. Mwaka 1674 Nicolas Boileau, msimamizi mkali wa kanuni za ushairi, aliishambulia burleski kama lugha ya sokoni iliyovamia mlima wa washairi. Mwaka uleule, yeye mwenyewe alichapisha Le Lutrin, utenzi unaoeleza kwa sauti ya Virgil ugomvi wa makasisi juu ya meza ya kusomea kanisani. Boileau aliamini kwamba kukitukuza kitu kidogo ni jambo la kistaarabu na kukishusha kitu kikubwa ni uhuni. Mtu aliyelipiwa posho na mfalme alikuwa na sababu za kuliona hivyo.

Nje ya Ufaransa hukumu ya Boileau haikufika, au haikusikilizwa. Mwaka 1664 Charles Cotton alichapisha Uingereza dhihaka yake ya Virgil, Scarronides, jina la mwalimu wake likiwa limefumwa ndani ya jina la kitabu. Karne mbili baadaye majukwaa ya London yalikuwa yakidhihaki visa vya Kiyunani kwa nyimbo na mavazi, na ni kundi la Lydia Thompson lililovusha bahari na mtindo huo hadi New York mwaka 1868, wanawake wakiigiza miungu wa kiume kwa suruali za kubana. Watazamaji wa Marekani walisahau Wayunani na kuzikumbuka suruali. Ndivyo neno lilivyofika lilipo.

Njia nyingine ilielekea mashariki. Aloys Blumauer wa Vienna alimgeuza Enea kwa Kijerumani katika miaka ya 1780, Nikolai Osipov akafanya hivyo kwa Kirusi mwaka 1791, na baada yao akaja Ivan Kotliarevsky, ambaye Enea wake ni Mkosaki mlevi na jasiri anayezungumza lugha ya wakulima wa Ukraine. Kitabu hicho, Eneida, kinahesabiwa kuwa mwanzo wa fasihi ya kisasa ya Kiukraine. Sehemu zake tatu za kwanza zilichapishwa St. Petersburg mwaka 1798, bila idhini ya mwandishi.